Sigma 150–600mm Contemporary mbele ya mwezi wa utosini

Mwezi ni jiwe linaloangazwa na jua. Mtu anayeutazama ukiwa umezungukwa na giza huamini kwamba kuupiga picha kunahitaji lenzi ya gharama kubwa, yenye tundu pana la kumeza mwanga mwingi, ilhali uso wa mwezi mpevu unarudisha mwanga kwa kiasi kinachokaribiana na cha lami iliyochakaa iliyoachwa juani saa sita mchana. Imani hiyo ilinichelewesha sana kununua lenzi ninayoitathmini hapa, yaani Sigma 150–600mm f/5–6.3 DG OS HSM Contemporary, kwa sababu kila nilipoisoma ile f/6.3, namba ya tundu ambayo kadiri inavyokua ndivyo tundu linavyokuwa dogo, niliihesabu kuwa lenzi ya mchana, ya ndege na wanyama wa mbugani. Niliinunua mwaka 2022 ikiwa imekwisha kutumika, nikaifunga kwenye kamera yangu ya Nikon D7200, na tangu hapo nimeielekeza kwenye mwezi kutoka Dar es Salaam mara nyingi kuliko nilivyoielekeza kwenye kitu kingine chochote. Ninaipima kwa kazi hiyo moja tu.

Mwaka 2014 Sigma ilitangaza lenzi mbili za 150–600mm kwa pamoja. Moja iliitwa Sports, yenye uzito wa gramu 2,860 na iliyozibwa mwili mzima dhidi ya vumbi na matone ya maji. Nyingine ndiyo hii Contemporary, yenye gramu 1,930, vipande 20 vya kioo vilivyopangwa katika makundi 14, na kinga ya mpira mahali inapoungana na kamera tu. Anayefuatilia ndege kwenye tope na manyunyu ana sababu nzuri ya kuitamani Sports. Hata hivyo, hakuna anayeupiga picha mwezi mvua ikinyesha, na kwa kazi hii ile tofauti ya karibu kilo nzima ina faida kubwa kuliko mpira wowote wa kuzuia maji, kwa kuwa kila gramu unayoongeza juu ya stendi lazima ilipiwe kwa stendi nzito zaidi, kichwa imara zaidi na mgongo wenye subira zaidi. Contemporary pamoja na D7200 hufikia kilo 2.7 hivi, na huo ni mzigo ambao stendi ya bei ya wastani inaweza kuubeba bila kulegea.

Swali la kwanza ambalo kila mtu huniuliza ni kama 600mm inatosha. Njia rahisi ya kulijibu ni kuugawa urefu wa fokasi, yaani ile namba ya milimita ya lenzi, kwa 110, na jibu litakuwa kipenyo cha taswira ya mwezi, kwa milimita, juu ya sensa, kile kipande cha ndani ya kamera kinachoipokea picha. Kwa 600mm tunapata karibu milimita 5.5, na kwa kuwa sensa ya D7200 ina pikseli 6,000 katika upana wa milimita 23.5, mwezi unachukua karibu pikseli 1,400 kutoka ukingo hadi ukingo. Lenzi ya 300mm, ambayo wengi wetu tulianza nayo, inatoa nusu ya hizo. Mwezi haujazi fremu, na asiyejua hili hufungua picha yake ya kwanza akavunjika moyo. Lakini pikseli 1,400 ni nyingi zikiwa safi: kreta (shimo la duara) ya Tycho, yenye upana wa kilomita 85, inapata pikseli zipatazo 34, kiasi kinachotosha kuuona ukuta wake uliotumbukia kivulini na kilima kilichosimama katikati yake.

Ubora wa lenzi hii huonekana vizuri zaidi mwezi ukiwa nusu. Mwezi mpevu unapendeza kwa macho, lakini jua huwa linaupiga uso wake moja kwa moja kutoka upande tuliko sisi, vivuli vinatoweka, na kinachobaki ni madoa ya weusi na weupe pamoja na mistari inayotawanyika kutoka Tycho. Siku ya saba au ya nane tangu mwezi kuandama, ule mstari unaotenganisha mchana na usiku wa mwezi unapita katikati ya uso wake, na kando ya mstari huo kila tuta hutupa kivuli kirefu. Usiku mmoja wa aina hiyo nilikuza picha kwenye kompyuta hadi asilimia mia moja, nikaziona kreta tatu zilizopangwa kama vyungu jikoni, kubwa juu, ya wastani katikati na ndogo chini: Ptolemaeus, Alphonsus na Arzachel. Sakafu ya Ptolemaeus ilikuwa tambarare na ya kijivu. Ndani ya Alphonsus kilionekana kinundu kimoja cheupe, kidogo kama punje ya ulezi, nacho ni kilele cha mlima uliosimama peke yake katikati ya shimo. Juu zaidi, safu ya milima ya Apennines ilikuwa imeshika mwanga kwenye vilele huku miguu yake ikiwa bado gizani. Nilikaa na picha ile kwa muda mrefu, na ndipo nilipoacha kuwaza kununua lenzi nyingine.

Lenzi inafanya kazi hiyo vizuri zaidi tundu lake likiwa limefungwa kidogo. Katika f/6.3 kingo za kreta ziko wazi lakini zina ulaini fulani, kana kwamba kuna pumzi juu ya kioo. Katika f/8 ulaini huo unaondoka. Na katika f/11 picha inaanza kurudi nyuma tena, safari hii kwa sababu za kifizikia zisizohusu utengenezaji, maana tundu likipungua mwanga wenyewe husambaa na kufifisha vitu vidogo. Mimi hubaki f/8. Kwa mwezi mpevu huweka ISO, yaani wepesi wa kamera kwa mwanga, kwenye 200 na kasi ya shata ya 1/250 ya sekunde, kisha hurekebisha hatua moja juu au chini kwa kuangalia kama sehemu nyeupe zimeungua, yaani zimekuwa nyeupe tupu. Mwezi wa nusu unadai mwanga zaidi kuliko mtu anavyotarajia, kwa sababu jumla ya mwanga wake ni karibu sehemu moja ya kumi na mbili ya mwanga wa mwezi mpevu. Vivuli vyote vile ninavyovisifu vina gharama yake, hivyo hushuka hadi 1/80 au hapo karibu. Vipimo hivi hupangwa kwa mkono. Kamera ikiachiwa yenyewe itaona weusi mwingi kwenye fremu, itajaribu kuuangaza, na mwezi utageuka sahani nyeupe isiyo na chochote ndani.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo tathmini zilizoandikwa kutoka Ulaya haziligusi, nami sizilaumu, kwa kuwa haliwahusu waandishi wake. London, mwezi mpevu wa Juni kwa kawaida hauinuki hata nyuzi 20 juu ya upeo, na mpiga picha anausimamia karibu usawa wa mapaa ya nyumba. Sisi tulio karibu na ikweta tunaupata juu kabisa. Dar es Salaam, mwezi unapovuka katikati ya anga hauwi chini ya nyuzi 54 kamwe, na kila mwezi kuna siku unapita utosini kama jua la saa sita. Hii ni neema kubwa, kwa maana mwanga unaotoka juu moja kwa moja unapita kwenye tabaka jembamba zaidi la hewa, na picha inatoka safi kuliko ile iliyopigwa mwezi ukiwa umeinama. Ni neema inayoitesa mitambo, kwa sababu lenzi nyingi, na stendi nyingi zaidi, zimebuniwa zikimfikiria mtu anayetazama mbele.

Lenzi hii hurefuka inapovutwa kwenda 600mm, na bomba lake la mbele lina kioo kizito kinachopokea filta ya milimita 95. Ukiielekeza juu, uzito huo unataka kurudi chini, na 600mm inaweza kuteleza polepole bila wewe kujua. Wabunifu wameliwazia hili: kuna swichi inayofunga bomba kwenye namba zozote zilizoandikwa juu ya pete, na sio kwenye 150mm pekee kama ilivyo kwa lenzi nyingi za aina hii. Ukizungusha pete kwa nguvu, kufuli hujiachia lenyewe. Kwa mwezi wa utosini ninaiona swichi hiyo ndogo kuwa kifaa cha thamani kuliko kizuia mtikisiko chenyewe. Anayeinunua ajizoeze kwa kidole gizani: vuta hadi mwisho, funga, ndipo utafute mwezi.

Stendi ni habari nyingine. Ya kwanza niliyoitumia niliuziwa na muuza duka aliyenihakikishia kwamba inabeba kilo tano, na huenda inabeba, kamera ikiwa imelala usawa. Ilipoelekezwa juu, kichwa chake cha mpira kililegea kwa kiasi cha upana wa mwezi kila nilipoondoa mkono, na kitako cha kamera kikawa kinagota kwenye mguu wa stendi kabla sijafika nyuzi 70. Nilihangaika na kichwa hicho miezi mingi nikidhani tatizo ni mikono yangu. Kilichonisaidia ni kichwa cha bembea, kile ambacho wapiga picha za ndege hukitumia, kinachoishikilia lenzi kwenye kitovu cha uzito wake ili ibaki popote unapoiacha. Mguu wa lenzi hii unahitaji kipande cha chuma cha ziada ili uingie kwenye vichwa vingi vya kisasa. Kinunue kirefu, ili uweze kuisogeza lenzi mbele na nyuma hadi mzigo ulingane. Ukishaifunga vizuri, zima kizuia mtikisiko, inua kwanza kioo cha ndani cha kamera (kile kinachoruka picha inapopigwa), kisha piga kwa rimoti au kwa kuchelewesha shata sekunde tatu. Kwenye 600mm hata bati la paa linalogongwa na upepo jirani yako unaliona kwenye skrini.

Kwa fokasi, ninaiachia kamera ijitafutie ukingo wa mwezi au mstari wa vivuli, halafu ninaizima na kumalizia kwa mkono nikiwa nimekuza picha kwenye skrini ya nyuma. Lenzi ikionekana kulenga mbele au nyuma kidogo ya shabaha, Sigma inauza kitako cha USB cha kuirekebisha kwa kompyuta, ila kwa anayemalizia kwa mkono kifaa hicho si cha lazima.

Ukiutazama mwezi kwenye skrini hiyo kwa dakika nzima utaona kitu ambacho hakuna lenzi inayokiponya. Ukingo wake unatetemeka kama kokoto iliyo chini ya maji yanayotiririka. Hewa ya joto inayopanda kutoka kwenye mabati na barabara za jiji inaukunja mwanga huku na huko, na picha mbili zilizopigwa kwa kufuatana zinaweza kutofautiana kana kwamba zimetoka kwenye lenzi mbili. Kwa hiyo mimi hupiga picha mia moja au zaidi kwa mkupuo, kisha huziingiza kwenye AutoStakkert, programu isiyolipiwa ambayo huzipanga kwa ubora, huchagua zilizo bora na kuzilaza moja juu ya nyingine. Chembechembe zinazoichafua picha zinapungua, na picha inakubali kunolewa bila kuharibika. Baada ya kuifanya kazi hiyo kwa utaratibu, nimeridhika kwamba kinachonizuia kupata zaidi mara nyingi ni hewa iliyo juu ya nyumba yangu, na kwamba kioo hiki bado kina akiba ambayo hewa hiyo hairuhusu kuitumia kila usiku.

Kuna usiku mmoja ambapo ile f/6.3 ilidai deni lake lote. Tarehe 7 Septemba 2025 mwezi ulipatwa kikamilifu na Afrika Mashariki ilishuhudia kupatwa huko tangu kivuli cheusi kilipougusa. Dunia ilianza kuula ukingo wake saa moja na dakika 27 usiku, ikaufunika wote saa mbili na nusu, na mwezi ukabaki ndani ya kivuli kwa dakika 82, ukiwa na rangi ya shaba iliyofifia. Kabla ya hapo nilikuwa nikifanya kazi na 1/250 ya sekunde. Ndani ya kivuli, tundu likiwa wazi kadiri linavyoweza na ISO ikiwa imepandishwa hadi 6400, nilihitaji nusu sekunde. Mwezi husogea angani kwa kiasi cha kipenyo chake kila baada ya dakika mbili na kidogo, mwendo ambao katika 1/250 hauna maana yoyote, ila katika nusu sekunde ni pikseli tano hivi, na pikseli tano zinatosha kuipaka kreta kama rangi mbichi iliyopitiwa na kidole. Nilirudi hadi 300mm, ambako msogeo huo unapungua nusu kwenye picha, nikakubali mwezi mdogo ulio safi badala ya mkubwa uliochafuka. Tabu ileile huipata anayetaka kuionyesha hilali pamoja na ule mwanga hafifu wa dunia unaoujaza mviringo uliobaki. Dawa yake ni kichwa chenye mota kinachoufuata mwendo wa anga, lakini vifaa hivyo vingi vimetengenezwa vilengwe kwa Nyota ya Kaskazini, ambayo Dar es Salaam haionekani kabisa, na ncha ya kusini kwetu iko nyuzi 7 tu juu ya upeo, nyuma ya miti na maghorofa. Anayependa kupatwa kwa mwezi kuliko awamu zake za kawaida afikirie lenzi yenye tundu pana zaidi, akubali na bei yake.

Kati ya washindani wake, Nikon 200–500mm f/5.6 ndiyo niliyoipima kwa uzito wa dhati, kwa kuwa inaingia kwenye kamera yangu na inabaki f/5.6 mwanzo hadi mwisho. Ina gramu 2,300 na inaishia 500mm, hivyo mwezi unapungua hadi pikseli 1,160 hivi. Tamron 150–600mm G2 ya mwaka 2016 iko karibu mno na Sigma kwa vipimo kiasi kwamba ningemshauri mtu achague iliyotunzwa vizuri zaidi kati ya mbili atakazoonyeshwa. Swali gumu zaidi ni la Nikon P1000, kamera ya mwaka 2018 yenye lenzi isiyobadilishwa, ambayo kwa gramu 1,415 tu inaujaza mwezi kwenye fremu hadi kupita kimo chake. Anayeiona kwa mara ya kwanza huona Sigma yangu kuwa kazi ya bure. Hata hivyo urefu wake halisi wa fokasi ni 539mm, mfupi kuliko wa lenzi hii, na ukubwa ule wa mwezi unatokana na udogo wa sensa yake. Pikseli zake ni ndogo kiasi kwamba katika f/8 nukta moja ya mwanga inasambaa juu ya pikseli nane. Mwezi ni mkubwa, bali vitu vinavyoonekana ndani yake haviongezeki. Kwa familia inayotaka kuwaonyesha watoto mwezi barazani ni kamera nzuri sana. Kwa anayetaka kurudi kwenye picha na kuzitafuta kreta moja baada ya nyingine, ninaichagua Sigma bila kusita.

Lenzi hii ina uwezo mwingine ambao P1000 haiupati kwa urahisi jioni, nao ni mwezi unaochomoza juu ya Bahari ya Hindi pamoja na chombo kinachopita mbele yake. Kitu chenye kimo cha mita 9 kikiwa umbali wa kilomita moja hulingana na mwezi, kwa hiyo tanga la ngalawa lililo mbali kiasi hicho linaweza kuingia ndani ya mduara wake. Siku ya mwezi mpevu unachomoza jua likiwa linazama, na kuna dakika chache ambapo mwanga uliobaki angani unalingana na wa mwezi, ukapata chombo, maji na mwezi katika picha moja. Hapo 150mm ya chini inafaa sana, kwani unaanza kwa upana kuvitafuta vyombo kisha unavuta. Mwezi wa upeoni hutetemeka na kubonyea kwa sababu ya hewa nzito, na sharti uukubali hivyo ulivyo.

Anayenunua iliyotumika, kama nilivyofanya mimi, ajue kwamba adui wa lenzi katika pwani yetu ni unyevu. Kuvu humea ndani ya vioo vya lenzi iliyofungiwa begini miezi kadhaa, na yenye vipande 20 ina nafasi nyingi za kujificha. Mimi huiweka yangu kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko wa kubana, pamoja na vifuko vya silika ninavyovikausha mara kwa mara, na baada ya usiku wenye umande huiacha ikauke kwanza kwa hewa ya chumbani. Dukani, mwombe muuzaji azime taa, fungua vifuniko vyote viwili, mulika tochi ya simu kutoka nyuma na utazame kwa mbele huku ukiivuta lenzi kutoka 150 hadi 600. Vumbi kidogo ndani halina madhara kwa mwezi. Ukiona nyuzi nyembamba nyeupe zilizotambaa kama utando wa buibui, iache mezani hata kama bei imeshushwa nusu.